Hakuna Aliyekiroga Kidole Changu

Shikamooni mama zangu mlionizidi umri, na ninyi wadogo zangu, habari za kazi. Naomba visu vipumzike kidogo. Mimi ni Mama Neema, nakwangua samaki hapa mwaloni Igogo, mitumbwi inaposhushia, na nimesimama kusema ukweli juu ya mkono wangu wa kushoto. Mnasema Mama Kulwa ameniroga. Hajaniroga. Nataka mniamini ili mumwache afanye kazi yake.

Kabla ya haya nilikuwa mzima kuliko wengi wenu. Nilimaliza beseni zima la sato kabla chai haijachemka, na nilikuwa mchekeshaji, mnakumbuka. Kisha nikanunua simu kubwa, na kwenye simu likatokea tangazo la mchezo wa kupanga matunda. Bure, walisema. Wiki ya kwanza nilishinda kila hatua, nikajiona nina akili sana. Kumbe hatua za mwanzo wamezilegeza makusudi, kama mtu anayemwagia kuku punje mpaka aingie bandani.

Hatua zilipokuwa ngumu, mioyo ya kuchezea ikaanza kuniishia. Ukiishiwa unasubiri nusu saa, au unanunua. Mara ya kwanza nilitoa hela ya soda tu. Na hununui moyo kwa shilingi. Unanunua almasi, halafu almasi ndizo zinazonunua mioyo, kwa hiyo hujui umetoa nini mpaka salio liishe. Kuna na sanduku la hazina, unalilipia bila kujua ndani kuna nini. Ukikosa kucheza siku moja, zawadi ulizojikusanyia zinafutwa. Waliotengeneza kitu kile walikaa wakamfikiria mtu kama mimi, wakanipima vizuri. Nawachukia, siwezi kusema vingine.

Siku niliyoumia nilikuwa nimeegemeza simu kwenye ndoo. Mkono wa kushoto umeshika sato, macho yapo kwenye simu nasubiri moyo ujae. Sato akateleza. Mwiba wa mgongoni ukaingia kwenye kidole gumba, chini ya ukucha, ukakatikia humo. Mama Kulwa, ambaye meza yake ilikuwa jirani na yangu, aliunyofoa kwa meno, maana vidole vyetu vilikuwa vimejaa utelezi. Kipande kingine kilibaki ndani. Akaniambia, "Mwanangu, kidole hiki usikidharau. Nenda hospitali leo."

Sikwenda. Baada ya siku tatu kidole kilikuwa kimevimba mpaka kinang'aa, kinapwita hadi kwapani. Usaha ulitoka wa kijani, na harufu yake ilishinda ya matumbo ya samaki. Mlipoona hivyo mkafanya kama tunavyofanya siku zote mwenzetu akiumwa: kila mmoja akatia sato mmoja kwenye beseni langu. Mama Kulwa alitoa mkubwa kuliko wote. Samaki wakauzwa, hela ikaingia kwenye simu yangu, nikapanda bodaboda kwenda kutibiwa.

Kinachofuata sijawahi kuwasimulia. Nilikaa kwenye benchi nje ya zahanati nikisubiri kuitwa. Nikafungua simu. Nikakuta ofa ya almasi kwa nusu bei, na saa pembeni inahesabu dakika zilizobaki. Nikasema nitachukua kidogo. Nikachukua, nikashindwa, nikachukua tena. Muuguzi alipoita jina langu sikuwa na hela hata ya kumwona daktari. Nikainuka, nikarudi kwa miguu, nikawaambia nimechomwa sindano.

Kwa hiyo kidole kilipogeuka cheusi mkashangaa, dawa gani hii isiyofanya kazi. Mkaanza kutafuta mwenye mkono mbaya. Mkakumbuka meno ya Mama Kulwa, mkasema na macho yake ni mekundu. Ni mekundu kwa moshi wa kubanika samaki miaka yote hii, nani hapa hajui? Mimi nilikuwa nasikia na nikanyamaza, maana maneno yenu ya uchawi yalinifichia aibu yangu.

Homa iliponiangusha, mume wangu alinibeba hadi hospitali kubwa. Daktari alikibonyeza kidole, sikuhisi kitu. Akasema, "Mfupa umeoza. Ungekuja wiki ya kwanza tungetoa usaha tu, kidole kingebaki." Wakakata gumba lote. Nilipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi simu ikalia, nikadhani ni dada yangu. Ulikuwa mchezo. Eti wamenikumbuka, wananipa mioyo mitano ya bure. Nililia kwa hasira mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwita muuguzi. Nikamwomba mume wangu aufute mbele ya macho yangu, nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliufuta, akanirudishia simu.

Nimepona. Kidonda kimefunga, ingawa sato ananiponyoka kwa sababu sina gumba la kumbania. Nawashukuru kwa samaki wenu, na najua shukrani hiyo inawauma kuisikia. Ninyi wenye michezo kwenye simu, siwaambii muache leo, najua hamtaacha. Ila mkijikuta mnadanganya juu ya mchezo, hata uongo mdogo, mjue mmeshaugua. Mwambieni mtu siku hiyohiyo.

Nilipotoka hospitali nilikuta meza ya Mama Kulwa imesukumwa hadi kule penye maji machafu. Hakuna anayempelekea samaki, na yupo aliyemwambia ahame kabla hajahamishwa. Mjane wa watu, hana pengine pa kwenda. Nilimfuata nyumbani kwake nikapiga magoti. Akasema, "Humu ndani tuko wawili tu, utaniombaje msamaha humu? Kaseme kule waliponisema."

Ndiyo nimesema. Yule pale nyuma, amesimama. Anayetaka kunitukana anitukane baadaye, nitakuwepo. Sasa hivi meza ile irudi mahali pake. Mimi nashika upande huu kwa mkono huu huu wa vidole vinne. Nani anashika ule?