Jina Jipya la Jozefina

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Goma. Vijana wanaochimba shimo la choo kule Murara, mtaa tuliokulia, wamegonga chuma chini ya mawe ya volkano, akasema, na mwenye kiwanja ameshaita mtu wa kukikata. Nilimwambia wasiguse kitu, nakuja. Mimi nakaa Bukavu, ng'ambo ya ziwa, na sipendi kabisa kupanda boti, kila mtu nyumbani anajua sababu. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani ya boti, nimeshika kiti kwa mikono miwili, kwa ajili ya choo cha mtu nisiyemjua.

Utasema Goma haina treni. Ni kweli, haina. Ila zamani Wazungu wa kahawa walileta kichwa kimoja cha treni, kidogo, cha moshi, vipande vipande juu ya malori. Wakakiunga Murara, wakatandika reli fupi mpaka ziwani, kikawa kinashusha magunia ya kahawa. Ubavuni walikipigilia kibao cha shaba chenye jina la mke wa patroni, tajiri wao: Jozefina. Babu yangu aliitwa kutoka Kindu aje kukiendesha, kwa maana Kindu ndiko kulikokuwa na watu wa treni. Malori yalipozidi, reli ziling'olewa, na Jozefina akabaki amesimama kwenye kiwanja nyuma ya nyumba yetu. Baadaye babu alipanda boti kwenda kutafuta kazi Bukavu. Upepo ukaipindua, na ziwa halikumrudisha.

Kwa hiyo koko, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, hakuwa na kaburi la kwenda. Alikuwa na Jozefina. Kila Jumamosi asubuhi alitoka na kopo la mafuta ya mawese na kitambaa, akampaka kuanzia bomba la moshi mpaka magurudumu, asishike kutu, jinsi bwana wake alivyomwonyesha. Jua likipanda, kiwanja chote kilinuka kama sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa mawese, nasi watoto tukaanza kusikia njaa kabla ya wakati. Akina mama wa jirani walianika mihogo juu ya tangi. Sisi tulikaa pale anapokaa dereva, tukiendesha mpaka Kindu na kurudi. Koko alipaka huku akiongea kwa sauti ndogo habari za nyumbani, nani ameoa, nani mgonjwa, na hatukuona ajabu yoyote.

Kisha yakaja mambo ya majina. Utakumbuka, kama ulikuwa umeshazaliwa: serikali ilisema majina ya kigeni basi, kila Mzairwa, maana nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire, achukue jina la wazee wake. Darasani mwalimu aliita majina mapya na nusu yetu tulikaa kimya, hatujui kwamba ni sisi. Tulicheka sana, mpaka siku shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alipokuja kwetu na kukataa kuketi. Alisema komisere, mkubwa wa serikali, amepita, ameona ile mashine ya wakoloni yenye jina la mama Mzungu, na amekasirika. Jumamosi, siku ya salongo, watu wote wakiwa kwenye kazi ya pamoja, itakatwa.

Juma lile nyumba yetu ilikuwa kama ina maiti. Koko hakula. Bugali lilipoa mbele yake, mama akaliondoa. Jirani yetu mwenye duka Birere alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali pa kuegesha lori lake. "Mama, ile ni chuma tu," baba alimwambia koko, na koko akamtazama mpaka akatoka nje. Baba hakuwa mbaya, aliogopa. Wakati ule mtu hakubishana na komisere, alibishana na mkewe, chumbani, redio ikiwa imefunguliwa.

Jumamosi ikafika. Watu walikuja na majembe na mapanga yao ya salongo. Suderi, fundi wa kukata chuma, alikuwa amepanga chupa zake za gazi na kuwasha moto, na ule moto ulitoa mlio mmoja tu usiokatika. Nilikuwa nimeshika mkono wa koko, ulikuwa unateleza kwa mawese: alikuwa amempaka Jozefina hata siku ile. Komisere, ndani ya abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alizungumza kirefu juu ya mambo ya wakoloni. Mwishoni aliuliza kama kuna mwenye neno, jinsi wakubwa wanavyouliza. Koko akaachia mkono wangu. Baba alimshika kitenge kwa nyuma, koko akakivuta.

"Sitwayen komisere," alisema, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana, "weye zamani ulikuwa naitwa nani?"

Komisere alisoma kwa mapadri, wote tulijua alikuwa na jina la mtakatifu.

"Ilikuwa jina ya Wazungu," alijibu. "Niliiacha."

"Walikukata?"

Baba alifumba macho. Nilifikiri wanamchukua koko sasa hivi, na mimi pia kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Hawakukukata, papa," koko akaendelea, polepole. "Walikupatia jina ingine, ukabakia na mwili yako. Na huyu mumupatie jina. Aitwe Musafiri. Ni jina ya bwana yangu, na ya muzee wake. Sasa useme mbele ya watu: Musafiri akatwe. Ukisema, mi naenda kwangu."

Komisere alimgeukia shefu. "Huyo Musafiri ni nani?"

"Ndiye alikuwa naiendesha," shefu alisema, akitazama chini. "Ziwa ilimubeba. Hatukumuzika."

Komisere aliutazama ule moto, akamtazama koko. Kisha akasema kwa hasira, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo, "Mutoe kibao. Musafiri abakie." Watu wakapiga makofi, ingawa siku zile tulipigia makofi kila kitu.

Baba aligomba mpaka jioni. Kesho yake alichukua patasi na nyundo akaliandika lile jina jipya kwenye chuma, herufi kwa herufi, na kwa haraka ile S akaigeuza nyuma mbele. Koko aliendelea kupaka mawese mpaka alipokufa. Volkano ilipokuja baadaye, sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na tuliporudi palikuwa na mawe meusi tu yanayotoa moshi. Nyumba zikajengwa juu. Ukiuliza Murara leo kama palikuwa na treni, watakucheka.

Basi nilipofika juzi, mwenye kiwanja alikuwa kijana mpole. "Mama, ni chuma tu," aliniambia, na nikashtuka, sauti ilikuwa kama ya baba. Chupa za gazi zilikuwa zimelazwa pembeni. Nilishuka ngazi ndani ya shimo, umri huu wangu, nikafuta vumbi kwa kiganja mpaka kidole kikaingia kwenye S iliyogeuka.

"Iko na jina," nikamwambia kutoka chini. "Musafiri. Ni babu yangu. Tulikuwa hatujamuzika."

Mwenye kiwanja akawaambia vijana wake watachimba upande ule mwingine, karibu na ukuta. Nikaomba mawese kidogo, mke wake akaleta kikombe kutoka jikoni bila kuuliza. Nilipaka pale mkono ulipofika. Nilipotoka nikachukua jiwe la kwanza la kufukia shimo, nikalishusha mwenyewe, na nikamlilia babu yangu kwa mara ya kwanza.