Hina ya Mkono Uliochelewa

Nikisikia harufu ya hina iliyokorogwa kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi, mkono wangu wa kushoto huanza kuniwasha karibu na kifundo, pale mfupa ulipopata ufa. Wala sikuumia kwa jambo la maana. Nilikuwa nikijifunza kucheza kwenye ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Ndia Kuu, kwa ajili ya harusi ya halati Zuhura, mdogo wake mama, nikateleza. Daktari alinifunga plasta kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, akasema ni ufa mdogo tu. Mdogo! Harusi ilikuwa mlangoni, nami nilikuwa nimeahidiwa hina mikono yote miwili, kama wasichana wakubwa.

Nikanyweshwa supu ya mifupa mpaka nikaichukia. Ndani ya plasta mliwasha wee, na kidole hakifiki. Kila mgeni aliyeingia aliigonga plasta akaniambia nisubiri, kana kwamba nilikuwa na kazi nyingine. Zilipobaki siku chache nilirudishwa hospitali. Daktari akaitazama picha ya mfupa, akatikisa kichwa: haujaunga bado. Niwaambieni ukweli, nililia njia nzima.

Harusini nilitiwa hina mkono mmoja. Ule wa plasta mama aliufunika kwa mtandio, nami nikanuna hata kwenye picha. Halati akachukuliwa kwa mumewe, Likoni, ng'ambo ya Feri.

Plasta ilipokatwa, hakuna aliyekuwa akiizungumzia harusi tena. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka. Siku zile zile halati akaja kututembelea, mara ya kwanza tangu aolewe, na hina mkobani.

"Lete mkono," akasema.

"Harusi ishakwisha! Nani atauona?"

"N'tauona mimi."

Wallahi alikuwa mzito. Alichora ua, akalifuta kwa pamba. Akachora jani, akasema limepinda, akalifuta nalo. Wenzangu walikuwa wakiniita chini nikacheze, kwa mara ya kwanza tangu nianguke, na mimi nimeshikwa mkono. Niliona ni yale yale: kwanza mfupa, sasa halati.

"Maliza basi!" nikampigia kelele.

Mama akachungulia mlangoni. "Zuhura, mumeo yuko barazani, amekuja kukuchukua."

Halati akainama, akalifuta ua ambalo hata mimi niliona halina kosa.

"Bado kidogo," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Nikauchomoa mkono, nikakimbilia chini hina haijakauka. Usiku maua yote yalikuwa yamevurugika, na hasira zangu nikazielekeza kwake.

Miaka mingi baadaye niliolewa mimi. Siku niliporudi kwetu kutembea kwa mara ya kwanza, nilimsikia mume wangu akipiga hodi chini, nikajikuta jikoni kwa mama, naosha upya vikombe vilivyokuwa safi.