Mtu Aliyehesabu Wasiokuja

Nilikuwa kwenye maegesho ya duka moja huko Markham, nje kidogo ya mji wetu huu wa ugenini, nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, simu iliponiletea habari kwamba yule fundi wa mitambo tuliyekuwa tukisali naye amefariki. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua sina mazoea ya kulia hadharani. Siku ile nililia, na haikuwa huzuni peke yake. Ujumbe ulisema amekutwa sakafuni nyumbani kwake Parkdale, na kwamba ni msimamizi wa jengo aliyefungua mlango, baada ya jirani wa chini kuchoshwa na redio iliyolia siku ya nne bila kuzimwa. Ndani ya siku hizo hizo nne mimi niliulizwa yuko wapi, nikajibu kwa uhakika kabisa.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza, naye alipenda kuieleza. Hapa mjini alijenga na kupima vipande vya mtambo mkubwa, kisha mara mbili tatu kwa mwaka akasafiri navyo hadi Ulaya, kwenye maabara ya fizikia yenye pango chini ya ardhi. Huko, alisema, wanachukua chembe ndogo kuliko atomu, wanazikimbiza kwa kasi ya ajabu, wanazigonganisha uso kwa uso, na mtambo unatazama kinachotawanyika. Siku moja kwenye ukumbi wa kanisa alichukua kitunguu cha kachumbari akakikata katikati kutuonyesha. Tabaka la ndani linachora njia ya kila chembe, na sumaku inaipinda njia hiyo ili wajue chembe ina msukumo kiasi gani. Matabaka ya kati ni manene, kazi yake ni kuzisimamisha chembe na kupima nishati ziliyobeba. Tabaka la nje linangoja zile sugu zilizopenya kote. “Halafu kuna nyingine,” alisema, “zinapita kitunguu chote na hakuna tabaka linalozihisi.” Mama mmoja muuguzi, ambaye ndiye mpishi wetu mkuu, akamwuliza: sasa hizo mnazionaje? Akajibu kwamba hawazioni. Wanajumlisha zote walizoziona, upande huu na upande huu, maana lazima pande zilingane. Upande mmoja ukiwa mwepesi, kuna kitu kimeondoka bila kuaga. “Kwanza unahakikisha si mtambo wako ulio mbovu. Ukishahakikisha, unakwenda kukitafuta kilichokosekana.” Muuguzi akamwambia arudishe kitunguu, watu wana njaa.

Tabia hiyo ya kazini alikuja nayo kanisani. Sisi tulihesabu waliohudhuria na kujisifu. Yeye alisimama mlangoni akihesabu wasiokuja, kisha alasiri akaenda kuwagongea. Miaka kadhaa iliyopita nilifutwa kazi, nikaona haya, nikajifungia ndani. Mke wangu alikuwa Kenya akimuuguza mama yake. Sitaandika nilichokuwa nimeanza kukifikiria, ila ningekifanya hakuna ambaye angejua. Jumapili ya pili mlango uligongwa. Alikuwa yeye, pakiti ya unga mkononi na theluji mabegani. “Mwandishi, upande wako umekuwa mwepesi wiki mbili,” alisema. Nikamwambia kazi zimenizidi. “Sawa. Basi tusonge ugali, tule, halafu uniambie ni kazi gani hizo.” Hakuondoka mpaka nilipomwambia ukweli. Niko hai kwa sababu ya mtu yule, na hapo sijapamba neno.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kila mwaka, kati ya Krismasi na mwaka mpya, tunakula pilau kwenye ukumbi wa kanisa. Yeye hakuwahi kuikosa, na sababu alinieleza mwenyewe: siku hizo maabara hufungwa, wanasayansi hurudi makwao, pangoni hakuna mtu. Mara hii muuguzi alikuwa amemkwangulia ukoko, maana aliupenda kuliko nyama, akamfungia kwenye foili. “Mzee wetu yuko wapi? Simpati kwa simu,” aliniuliza. Nami, mdomo umejaa, nikasema, “Huyo yuko zamu kule Ulaya, chini ya ardhi. Simu haishiki.” Akaridhika. Wote waliosikia wakaridhika, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuambiana kila asipoonekana, na mara nyingi ilikuwa kweli. Ukoko ukawekwa kwenye friji. Daktari anasema moyo ndio uliomwangusha, lakini haukumwua papo hapo. Anadhani alianguka jioni iliyotangulia siku ya pilau, na huenda aliishi pale sakafuni siku nzima, labda zaidi. Kutoka ukumbini hadi kwake ni dakika kumi kwa miguu.

Mji huu umetupa sababu nyingi nzuri za kutoonekana: zamu mbili, theluji, safari ndefu, watoto wa kupeleka huku na kule. Kwetu wahamiaji “yuko kazini” ndilo jibu lenye heshima kuliko yote, na nani atalitilia shaka? Kule nyumbani moshi usipofuka jikoni kwako, jirani anakuja kuuliza. Hapa ukifuka ndipo wanakuja, nao ni wazima moto. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitamlea mpaka nife.

Tangu mazishi nimekuwa nikisimama mlangoni, pale alipokuwa akisimama yeye. Si kazi ya kufurahisha. Ukianza kuhesabu wasiokuja unagundua ni wengi, na kwamba kwa kila mmoja kuna mtu mwenye jibu tayari mdomoni: kahama, ana zamu, mtoto ana mafua. Nilichojifunza ni hiki: jibu linaloturidhisha upesi ndilo la kuogopwa. Jumapili hii kiti cha dada mmoja wa mtaa wa Regent Park, mgeni anayeishi peke yake, kilikuwa kitupu kwa wiki ya pili. Nimeambiwa amepata kazi kwenye ghala. Huenda ni kweli. Tangu nianze kuandika safu ya leo nimempigia mara tatu, na simu inaita tu. Mhariri atanisamehe nikikatia hapa, navaa koti.