Mvua ya Julai

Yule mama aliyetuletea maziwa kwetu Kilibula kutoka Bijombo, kule juu, alikuwa na ziwa lake dogo mlimani, na alipotupeleka kuoga hakuturuhusu kulifikia kwa kufuatana: kila mtu apite kwenye majani yake, kusitokee njia ya kuwafikisha wengine. Alioga na kitenge chake mwilini, akiyapiga maji kwa viganja vipana, akipiga vigelegele vya chinichini. Mwaka ule wa uasi, katikati ya kiangazi, tulishuka tukichuruzika tukakutana na waasi wanaotafuta pa kupiga kambi.

“Mama, hii maji mumetoa wapi?”

“Ni mvula, baba. Kule kwetu iko inanyesha.”

Wakatazama juu, hakuna hata wingu. Wakamtazama yeye, wakanywa maziwa yake, wakageuka kutafuta pakavu. Alipowaona wamepotea bondeni akaanguka majanini akitikisika, kitenge amekijaza mdomoni, maana hata kicheko kingewaonyesha njia.