"Haya Tena" ya Mwalimu

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, kwa hiyo watoto wa chekechea hawakutoka kucheza. Mwalimu wao akawaketisha mkekani, wakahesabu kwa makofi. Walipofika tano alitunisha mashavu, akavuta pumzi, akasema, "Haya tena!" ndipo wakaingia sita. Mtindo huo aliubuni mwenyewe zamani, akimfundisha mdogo wake kuhesabu vifungo vya gauni.

"Mwalimu anaiga gemu!" akapaza sauti Kibogoyo, mtoto asiye na meno ya mbele. Darasa zima likaangua kicheko.

Gemu ni mashine ya kujifunzia yenye vitufe vinene vya rangi, iliyoletwa shuleni wiki iliyopita. Sungura hurukaruka kwenye kioo, na sauti ya mwanamke huhesabu naye. Sauti hiyo ni ya mdogo wake mwalimu, waliyemwita Kasuku tangu utotoni kwa kurudia kila alichosema dada yake. Watengenezaji walipotafuta sauti, walikwenda wote wawili, akachukuliwa Kasuku. Mwalimu alimpongeza. Lakini kila gemu ilipowashwa, alitoka kwenda kuosha vikombe.

Mchana huo, watoto walipokwisha kuondoka, aliiwasha akaitegea sikio. Tatu, nne, tano. Sungura akatunisha mashavu. "Haya tena!"

Jioni Kasuku alipita kumsalimu, mwavuli ukidondosha maji mlangoni.

"'Haya tena' yangu umeipeleka kwa sungura?"

"Dada nawe! Kwani kuhesabu kuna mwenyewe?"

"Kuhesabu hakuna. Pumzi ile ina mwenyewe."

Kasuku alicheka, kisha akauona uso wa dada yake, akaacha. "Mimi sijui kuhesabu vinginevyo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na watoto wangu wanasema mimi ndiye naiga."

"Ndiyo maana hata chai hunikaribishi?"

"Birika lile pale. Jimiminie."

Asubuhi yake mwalimu aliiweka gemu juu ya meza, akaiwasha kwa mkono wake, akasimama kando yake kama anayesubiri filimbi ya mbio. Tano ilipotamkwa tu, kabla sungura hajatuna, akadakia, "Haya tena!"

"Gemu imechelewa!" Kibogoyo akapiga makofi.

Mwalimu hakutabasamu. Aliirudisha mwanzo, akasubiri tano.