Nyumba Isiyosalimiwa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikitia ufunguo mlangoni. Ndiyo maana Jumapili uliniona nimeikodolea macho simu yako, ukadhani nimekasirika kwa kuwa hukunishauri mapema. Sikukasirika, Rukia. Niliogopa. Ulitoka Eden Prairie na gari lako zuri mpaka hapa kwangu Columbia Heights, ukaniletea sambusa, ukanionyesha picha ya nyumba unayotaka kununua kwenye kitongoji cha machimbo huko Kalimantan, Indonesia, nami nikashindwa hata kusema hongera.

"Ami, ni investment safi," uliniambia. "Mine imefunguliwa tena, wafanyakazi wanatafuta rooms. Nime-book flight ya Friday."

Sasa keti usome polepole. Haya sijamwambia mtu, hata marehemu baba yako.

Nilipokuwa kijana, sina mvi hata moja, nilikaa kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside, hapa Minneapolis, na rafiki yangu Omari, mtu wa Lamu. Tulifanya kazi ya jikoni katika hoteli moja, na sote wawili tuliichukia baridi ya Minnesota. Omari alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuzoeana; akipanda lifti na mtu asiyemjua, wakifika juu wameshakuwa ndugu. Mwindonesia mmoja tuliyekuwa tukiswali naye Ijumaa alitusimulia habari za kwao: makaa ya mawe yanachimbwa mchana kutwa, na madereva wa malori wanalala ndani ya malori yao kwa kukosa vyumba. Tukajibana, tukaweka akiba, akatufunza lugha yao ya kutosha, tukaenda.

Safari yenyewe ingetosha kumrudisha mtu mwenye akili. Baada ya ndege ni boti ya mtoni, baada ya boti ni lori, na barabara yote ni tope jeusi. Kitongoji kilikuwa ukingoni mwa mashimo ya zamani yaliyojaa maji ya kijani. Vumbi la makaa lilitua kwenye migomba, kwenye nguo zilizoanikwa, mpaka ndani ya chai. Lakini watu wake walitupokea vizuri mno, nami nikajihisi niko kwetu. Wanavua viatu ngazini kama sisi, wanatoa salamu kabla ya kuingia kama sisi, na maneno kama dunia na kaburi wanayataja karibu sawa na tunavyoyataja.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya mbao ngumu, imeinuliwa juu ya nguzo, mwisho wa njia. Aliyetuuzia alikuwa na haraka na hakutaka hata kupanda ngazi pamoja nasi. Kuku wa kitongoji kizima walipita chini ya nyumba za watu wakichakura. Chini ya ile hawakupita. Niliona, lakini sikutilia maanani.

Wewe unajua tulivyolelewa sisi watu wa pwani. Nyumba huiingii kimyakimya, hata ikiwa tupu, unaisalimia. Omari alitangulia. Mimi nilikuwa bado navua viatu. Nikamsikia akisema kwa ile sauti yake kubwa, "Assalamu alaikum!" Na ndani, mwanangu, mchana kweupe, sauti ya mzee ikaitikia: "Waalaikum salaam." Iliitikia taratibu, kwa ukarimu, sauti ya mtu aliyekuwa akingoja wageni.

Tulitafuta kila chumba. Hapakuwa na mtu. Nilishuka nikachungulia chini ya sakafu, nikaona udongo mtupu. Omari akacheka, akasema labda ni jirani. Basi tukainunua. Tukaleta na rangi ya kijani tupake mlango, ikatuishia katikati. Nusu ya juu ikawa kijani, nusu ya chini ikabaki mbao. Tukasema tutamalizia wapangaji wakija.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mzee sana. Wote walimwita Nenek, kama sisi tunavyosema nyanya. Alimwona Omari akiisalimia nyumba, akaniita kwa mkono, akanifokea kama mtoto wake mwenyewe.

"Nani amewaruhusu kuisalimia nyumba ile?"

Nikamjibu kwamba kwetu ni adabu.

"Adabu ni kuuliza kwanza nyumba ni ya nani," akasema. Kisha akanieleza. Mzee mwenye kiwanja kile alikataa kuhama machimbo yalipofika. Mashine zikachimba pande zote, mpaka siku moja ardhi ikafunguka na nyumba ikashuka naye akiwa ndani. Shimo likafukiwa. Mwanawe akajenga nyingine pale pale, akaiuza, akaenda zake. "Alikuwa mkarimu maisha yake yote. Ukimsalimia, ataitikia. Akishaitikia wewe ni mgeni wake, na hajui kumruhusu mgeni aondoke. Sisi tunapita kimya. Rafiki yako ameshapokewa. Wewe bado. Usifungue mdomo mlangoni pale."

Nilimweleza Omari yote. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Twalib, mtu mzima wewe, waogopa kuitikiwa salamu?" Nikaona haya, nikaendelea kulala mle. Lakini kila nilipoingia niliingia kimya, na kila alipoingia yeye alisalimia na kuitikiwa.

Wapangaji hawakuja, hata mmoja. Omari hakuonekana kujali. Alianza kumimina kahawa kwenye kikombe cha ziada, na nilipomuuliza ni cha nani, alinijibu kwa kawaida tu, "Cha mwenyeji." Sauti nayo ilikuwa ikishuka. Mwanzo ilitoka chumbani, baadaye chini ya mbao, halafu mbali zaidi, ndani kabisa ya ardhi, hata Omari akawa analaza sikio sakafuni ili aisikie. Nilimsihi tuondoke. Alinitazama kana kwamba namwomba amkosee heshima mtu.

Siku ya mwisho nilikuwa nimetoka sokoni, swala ya adhuhuri imeshaswaliwa. Nikavua viatu ngazini. Nikasikia Omari na yule mzee wakizungumza na kucheka, na sauti zote mbili zilikuwa zinatoka chini. Nguzo zikalia. Kisha Omari akaniita, kwa upole ambao hakuwa nao kabla:

"Twalib, mbona husalimii? Karibu ndani."

Nilimpenda Omari kuliko ndugu. Salamu ilikuwa tayari mdomoni. Nenek akanishika mkono kwa nyuma, sijui alifikaje, akanivuta kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. Hatujafika kwake nikasikia ardhi ikipasuka. Nilipogeuka hapakuwa na nyumba. Palikuwa na shimo, na maji ya kijani yakipanda polepole. Omari hakupatikana. Nilirudi Minneapolis na ndara za Nenek miguuni, maana viatu vyangu vilishuka pamoja na ngazi. Mama yake Omari nilimwambia ni ajali ya machimbo, na ni kweli ilikuwa ajali. Habari za sauti na za viatu sikumtajia, wala sikumtajia mtu yeyote.

Sasa rudi kwenye picha yako. Nyumba ya mbao mwisho wa njia, mlango nusu kijani, nusu mbao. Nilijiambia kwamba milango ni mingi duniani. Kisha ukaongeza, huku unacheka, kwamba uliyeongea naye kwenye simu si wakala bali ni mwenyeji mwenyewe.

"Na Ami, can you imagine, anaongea Kiswahili! Cha Lamu kabisa. Nilimpa salamu tu, akaniitikia poa sana. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia wewe. Akasema nikwambie viatu vyako bado viko ngazini."

Hapo ndipo uliponiokotea sambusa sakafuni, ukairudisha sahanini, ukaniuliza kama naumwa.

Sikufichi, mwanangu. Umesalimia na umeitikiwa. Lakini hujapanda ngazi, na mimi niko hai. Basi nisikilize. Ukienda mahali usipopajua kutafuta riziki, usimsikilize anayekukaribisha. Wasikilize wanaopita kimya. Waulize majirani nani alikuwapo kabla yako, na aliondokaje. Ardhi iliyochimbwa ina wenyewe juu na wenyewe chini, na picha haikuonyeshi wa chini. Tena ukarimu usikulevye, maana Omari hakuponzwa na ubaya wa mtu. Futa namba hiyo. Akipiga, usiseme hata hello. Mwombee dua, kama nimwombeavyo mimi, lakini usimjibu.

Ijumaa usiende uwanja wa ndege. Njoo kwangu. Ukifika mlangoni usitoe salamu, gonga tu. Nitafungua mwenyewe, unione uso nami nikuone, ndipo tusalimiane. Hata mimi tangu Jumapili nimeacha kuisalimia nyumba hii nikiingia, kwa sababu sitaki kujua ni nani ataitikia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Omari pale alipo. Akutangulie wewe kila uendako, akujaalie nyumba yenye kelele za watoto na majirani wenye kugombana kwa sauti, na kila utakapoitikiwa salamu, akupe kumwona anayekuitikia. Amin.