Mwiko wa Ngoma Ulivyokula Nywele Zangu

Mimi ni Masanja, mtu wa Didia. Kabla sijaugua nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: sauti na nywele. Sauti niliitumia kuongoza ngoma, maana nilikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji wa kundi letu. Nywele zilikuwa nyingi na ngumu, hata chanuo cha mti kilivunjika meno. Siku ya kucheza nilizipaka mafuta, nikazitia shanga, na nilijua kabisa kwamba wanawake wananitazama. Nilikuwa na majivuno. Nayasema mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi.

Kwetu mavuno yakiisha makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu huhamahama wanavyopenda. Jioni ikifika, manju mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka mmoja, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka Burma, manju wa upande wa pili aitwaye Shija alinishinda vibaya. Kufika alasiri nilikuwa nimebaki na wapiga ngoma wangu, mke wangu Minza, na mbwa wa jirani. Baadaye hata mbwa aliondoka.

Aibu ile ilinikereketa. Mwaka uliofuata, kabla ya mavuno, nilikwenda kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, kutafuta dawa ya kuvuta watu. Alinichanja chale utosini, akapaka dawa, akanipa mwiko.

"Ng'wanawane, mwanangu," aliniambia, "usile chochote kilichotembea, kilichoruka wala kilichoogelea. Wala kitokacho kwao. Maziwa, samli, mayai, acha vyote. Ngoma zikiisha, urudi nikutoe."

"Na nikila?"

"Dawa itamgeukia aliye mdogo kuliko wote nyumbani mwako."

Aliye mdogo kuliko wote alikuwa binti yangu Kabula, hajaota hata jino. Nilikubali hivyo hivyo. Nikikumbuka leo naona aibu kubwa kuliko ile ya uwanjani.

Mwaka ule nilimshinda Shija. Watu walijaa upande wangu mpaka vumbi likanifunga macho. Msimu ukaisha, siku ya kwenda kutolewa mwiko ikafika, nami sikwenda. Nilijiambia, nikitolewa, mwakani nitabaki tena na mbwa. Nikamchukua mke na mtoto, tukaenda Geita kwenye kazi ya mgodi wa dhahabu, mwiko nikiwa nao bado. Hakuna aliyenilazimisha.

Kambini tulipewa posho ya unga, maharage na nyama. Nyama yangu nilimpa Hamisi wa Tabora, mwenzangu wa shimoni, naye alinipenda sana kwa sababu hiyo. Maharage niliyaogopa kwa ajili ya kazi yangu ya uimbaji, maana manju mwenye tumbo la gesi hawezi kushika pumzi. Karanga nazo nilisema zinakwaruza koo. Basi asubuhi nilikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na jioni ugali wa muhogo kwa mlenda. Tumbo lilijaa kila siku. Sikujiona mtu mwenye njaa.

Nywele zilianza kutoka kabla ya mavuno ya pili. Kwanza niliziona kwenye chanuo. Kisha kila nikiosha kichwa zilibaki viganjani, nyepesi, na mizizi yake. Hazikutoka kwa mabaka. Zilipungua kichwa kizima, na utosini ngozi ikaanza kuonekana.

"Mapunye hayo," alisema Hamisi. "Paka mafuta ya taa."

Nilipaka. Kichwa kiliungua, nikatoka malengelenge, na nywele zikaendelea kutoka. Mapunye huwasha na kutoa magamba, mimi sikuwa na kimojawapo. Mwingine akasema ni zebaki ya kusafishia dhahabu. Lakini mimi nilikuwa mchimbaji, zebaki sikuigusa, na walioishika kila siku walikuwa na nywele zao. Mimi mwenyewe moyoni nilimshuku Shija. Nilisema ameniroga. Sahani yangu sikuifikiria hata mara moja.

Tulirudi Didia kwa ngoma za mavuno, nikavaa kilemba cha manyoya kuficha kichwa, na nikamshinda tena, ingawa nilikaa chini mara tatu kabla ya kuanza. Ushindi ule ndio ulionimaliza. Sasa niliamini kabisa kwamba mwiko ndio roho yangu.

Tuliporudi Geita nilinyoa kichwa chote ili watu wasione. Hapo nilifanya kosa ambalo Msukuma hakupaswa kulifanya, maana kwetu mtu hunyoa akifiwa. Majirani walikuja mlangoni. "Pole, Baba Kabula. Nani ametutoka?" Minza alimkumbatia mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango. Nami niliogopa, kwa sababu niliona kama nimemtangazia kifo mtu aliye hai.

Hali ikawa mbaya. Pembe za mdomo zilichanika. Ulimi ukawa mwekundu, laini, unauma hata kwa maji, na ladha ya chakula, iliyokuwa imeanza kufifia tangu kabla ya ngoma, ikapotea kabisa. Kucha zilivunjika. Nyayo zilikufa ganzi, na nikipanda ngazi ya shimo moyo ulidunda masikioni. Nyusi nazo zikaanza kupungua.

Dresa wa zahanati aliniangalia kichwa, akaniangalia kinywa, akafunga mlango. "Sema kweli, Masanja. Umetembea nje?"

Alifikiri ni kaswende, maana nayo huweza kuondoa nywele. Alitoa damu yangu, akamwita Minza akatoa na yake. Kungoja majibu kulichukua wiki mbili, na wiki zile mbili nyumba yangu ilikuwa kaa la moto. Minza alifunga nguo zake kwenye kanga, akaliweka furushi karibu na mlango.

"Majibu yakisema ndiyo," aliniambia, "mimi na mtoto tunakwenda kwetu."

Majibu yakasema hapana, kwake na kwangu. Nguo alizifungua, lakini ugonjwa ulibaki bila jina.

Siku ya nne baada ya hapo, nikiwa kwenye ngazi, chini yangu kukiwa na giza tupu, miguu ilikataa. Niliona nyota. Mikono ikaachia. Hamisi alikuwa nyuma yangu, akanibana kwa bega kwenye ngazi na kunishika mkanda, akipiga kelele kuita watu. Alinishika hivyo mpaka kamba ikateremshwa. Baadaye aliniambia kwamba nilikuwa mwepesi kama mtoto, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Nilipelekwa hospitali kwa machela. Daktari alikuwa Mhindi mzee mwenye Kiswahili cha haraka. Alinivuta kope la chini, akaita wauguzi waje waone. Ndani palikuwa peupe. Alipima choo akakuta minyoo ya safura, lakini akatikisa kichwa.

"Minyoo iko, lakini michache. Damu imepotea kupita minyoo hii. Wewe nakula nini?"

"Posho," nikasema. "Ugali, nyama."

Nilidanganya nikiwa nimelala chali, siwezi hata kunyanyua kikombe. Minza alikuwa amesimama na Kabula mgongoni. Akasema, "Si kweli, Daktari. Nyama hali. Maziwa hali. Karibu mwaka na nusu sasa."

Ningekuwa na nguvu ningempiga, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Daktari aliweka kalamu chini, akauliza chakula cha kila siku, kimoja kimoja, mpaka maharage.

"Basi mimi siwezi sema ni kitu moja," alisema. "Minyoo nakunywa damu. Wewe nakula hapana kitu ya kurudisha damu, hapana ya kujenga mwili. Mwili umekonda upesi. Kitu kidogo ikipatikana, mwili nalisha moyo kwanza. Nywele nalishwa mwisho." Kisha akaongeza, "Watu wengi hapana kula nyama, hata mimi. Lakini mimi nakunywa maziwa, nakula dengu. Wewe umefunga milango yote."

Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mchana bakuli la maini likaletwa. Niligeukia ukutani.

Kabula alikuwa na homa siku ile. Nilimsikia akihema mgongoni mwa mama yake, na mwili wake wote ulikuwa moto. Nilijua nikila tu, atakufa, na kila mtu atasema ni homa.

"Siwezi, Mama Kabula," nikasema. "Afadhali mimi."

Minza alimshusha mtoto, akamweka kitandani kando yangu.

"Mwiko wako umeshavunjika," akasema. "Niliuvunja mimi. Asubuhi ya ngoma mwaka huu, ulipokuwa unakaa chini, uji wako niliutia maziwa, kibuyu kizima. Ulimi wako haukujua. Ukanywa, ukaenda uwanjani, ukamshinda Shija."

Niliuliza kitu cha kijinga. "Mara ngapi?"

"Mara moja. Baada ya hapo nikaogopa. Siku saba nilikaa na huyu mtoto, nikilala nimeweka sikio kifuani kwake. Siku saba, Masanja. Wewe ulikuwa unasherehekea."

Hapo ndipo nilipoona. Sisi wawili tuliiamini dawa ile kwa kiasi kilekile. Yeye alimhatarisha mtoto ili aniokoe, na mimi nilimhatarisha ili nishangiliwe.

Nilikula maini yale. Ulimi uliwaka kila nilipotafuna, machozi yalitoka, na jicho langu halikumwacha Kabula. Kila tonge nililomeza nilitazama kama bado anapumua. Daktari alimpa kwinini. Siku ya kwanza homa haikushuka, na nilijua nimemuua. Siku ya pili haikushuka. Siku ya tatu, adhuhuri, alikaa akaomba uji, akaumwaga wote kitandani kwangu. Sijawahi kufurahia kulowa namna ile.

Kupona kwangu hakukuwa kwa siku moja. Mdomo ulipona kwanza, kisha pumzi. Baada ya miezi miwili nilirudi kazini, juu, si shimoni. Nywele zilichelewa, na daktari alikuwa amenionya. Kwenye mwezi wa nne kikatokea kimanyoya chepesi kama cha kitoto. Mwaka ulipotimia kichwa kilikuwa kimefunikwa, ila utosini hazijawahi kuwa kama zamani. Ganzi ya nyayo bado hunijia.

Nilikwenda kwa mfumu nikamweleza. Alinikasirikia. "Nilikuambia urudi msimu ukiisha. Ulikuwa wapi?"

Namshukuru Mungu. Namshukuru Hamisi, ambaye sasa nyama yangu haipati tena, na yule daktari aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza. Wewe unayesoma, ukiona nywele zinapungua, usikimbilie mafuta ya taa wala kumtafuta mchawi. Nenda kapimwe damu na choo. Ukiulizwa unakula nini, sema ukweli, hata kama unaona aibu. Na kama umeacha nyama kwa dini, kwa mwiko au kwa kupenda mwenyewe, usiache na kila kitu kingine. Minza sina namna ya kumshukuru inayotosha, na nimekwisha kumwambia.

Mwaka huu niliongoza ngoma tena Didia, bila dawa. Shija alinishinda. Nilikuwa katikati ya wimbo nilipomwona mtoto akichomoka upande wetu, akakatisha uwanja kwa vimiguu vyake, akaenda kuruka mbele ya ngoma za Shija kwa sababu zilikuwa nzuri zaidi. Alikuwa Kabula. Nilimwacha acheze.